MSAADA: Taa za mitumbwi ya dagaa ziwake, maji yabaki na giza lake

kirumba_dizaini:
Wakuu salaam. Nina picha ya usiku ya mitumbwi ya dagaa, imepigwa kutoka Capri Point, Mwanza. Mteja anauza dagaa soko la Mwaloni, anataka bango. Nikizungushia karabai kwa laso (zana ya kuchagua sehemu) nikatia ukungu wa Gaussian Blur, mwanga unakatika ghafla kama umepitiwa na mkasi. Nikitia picha nzima, ziwa lote linapauka. Natumia programu ya GIMP 2.10, picha ina upana wa pikseli 4000.

mwana_igoma:
Mkuu, hapo umeitia ukungu sehemu uliyochagua huku mstari wa laso bado uko hai. Ukungu hauvuki mstari huo. Nakili taa, bandika, kisha Shift+Ctrl+N iwe leya yake, yaani tabaka lake juu ya picha. Nenda Layer to Image Size, maana leya mpya inazaliwa na ukubwa wa taa tu na mwanga unaweza kukatika tena kwenye ukingo wake. Shift+Ctrl+A kuondoa laso, hakikisha leya haijafungwa alfa (sehemu zake zilizo wazi), ndipo utie ukungu. Modi ya leya iwe Screen, inayoongeza mwanga tu.

ngosha_pikseli:
Yote sawa, ila laso kwa mitumbwi yote hiyo ni kujitesa. Rudufu leya ya picha nzima (Shift+Ctrl+D), fungua Levels (kipimo cha giza na mwanga), sukuma pembetatu nyeusi hadi 200 au 220, mpaka zibaki taa peke yake kwenye weusi. Chochote kilichobaki usichokitaka, kama taa za nyumba za ng'ambo au shati jeupe la mvuvi, kipake brashi nyeusi. Weka Screen. Kwenye modi hiyo nyeusi haiongezi kitu, kwa hiyo maji hayaguswi.

Halafu usitumie ukungu mmoja. Mwanga wa kweli ni mkali karibu na taa na unapungua taratibu. Ukungu mmoja unatoa duara la pamba. Rudufu hiyo leya ziwe tatu: ya kwanza ukungu 10, Opacity (uzito wa leya) 100, ya pili 40, Opacity 60, ya tatu 120, Opacity 30. Mitumbwi ya mbali itenge na uipe nusu ya vipimo hivyo, la sivyo taa zake zitalingana na za karibu na kina cha picha kitapotea.

Rangi nayo. Katikati ya karabai kwenye picha ni nyeupe tupu, ukiitia ukungu unapata moshi wa kijivu. Kabla ya ukungu, kwenye leya ya pili na ya tatu fungua Levels, chaneli ya bluu, shusha Output ya juu kutoka 255 hadi 140. Ya kijani hadi 210. Leya ya kwanza iache nyeupe. Mtumbwi wenye taa za LED usiutie manjano, utaonekana wa uongo.

kirumba_dizaini:
Ngosha, imekubali! Lakini sasa angani kuna miviringo kama ngazi kuzunguka kila taa.

ngosha_pikseli:
Hiyo ni picha ya biti 8, haina hatua za rangi za kutosha kwenye giza. Image, Precision, chagua biti 16 kabla ya kuanza. Leya zilizokwisha kutiwa ukungu zirudie. Mwishoni tengeneza leya ya New from Visible, itie RGB Noise 0.02. Chembe hizo huvunja ngazi hata ukihifadhi JPEG.

mama_grafiki:
Wa Photoshop: Outer Glow (mng'ao wa nje) hufuata ukingo wa leya. Ukiiweka kwenye picha nzima huoni kitu, kwa sababu ukingo wake ndio ukingo wa picha. Chagua taa, Ctrl+J, ndipo uiweke. Size 60, Spread 0 hadi 5.

Na kivuli cha taa majini, yaani mwanga unaoakisiwa na maji, msikisahau, ndicho kinachomfanya mtu aamini. Rudufu leya ya pili, isogeze chini ya mtumbwi, Motion Blur pembe 90, urefu 80, Opacity 25.

Kaka kirumba, kwa kuwa ni bango la kuprinti: weupe wa mwisho kabisa ni weupe wa turubai lenyewe, wino hauwezi kuuzidi. Taa zikionekana zimefifia, usiongeze mwanga, punguza mwanga wa anga kuzizunguka kwa Curves. GIMP 2.10 haigeuzi kwenda CMYK (rangi za wino wa printa), kwa hiyo washa Proof Colors kwa profaili ya CMYK uone manjano yanavyoshuka, na mwombe wa printa akutolee kipande cha A4 kwenye turubai lilelile kabla hajaachia mita zote.