Maranda, pumba au makumbi: ndoo za ghorofani nizitandazie nini?

Mchicha_Ghorofani: Wakuu habari za jioni. Niko Dar ghorofa ya tatu, nina ndoo za lita 20 za nyanya na hoho hapo kibarazani, namwagilia asubuhi na jioni na bado ikifika saa nane mchana majani yameshalala. Nataka kuweka matandazo, yaani kufunika udongo juu usikauke haraka. Fundi seremala hapa chini ananipa maranda bure, pumba za mpunga zipo na makumbi ya nazi pia napata, nichukue kipi?

Jirani wa Mashine: Pumba ghorofani usithubutu!! Mi niliweka, upepo wa jioni ulivyokuja nikazikuta kwenye mashuka ya jirani, maneno niliyopewa siyaandiki hapa, na zilizobaki ukimwagilia zinaelea zinajikusanya upande mmoja udongo unabaki wazi.

kopo_shamba: Maranda poa ila uliza kwanza anaranda nini. Zile mbao za dawa zenye ukijani, au vumbi la MDF (zile mbao za unga na gundi), achana nayo. Af yakae juu tu, ukiyachanganya na udongo yanavuta naitrojeni, chakula cha mmea, wakati yanaoza, mmea unageuka njano we unadhani kiu unazidi kumwaga maji.

Hoho77: kokoto je? hazipeperuki

kopo_shamba: Jua la Januari na ndoo nyeusi, zinashika joto mpaka usiku mkuu, unapika mizizi. Na uzito huo kibarazani?

Bibi_Tanga: Wanangu chukueni makumbi, huku kwetu tunayachoma tu. Nayachambua kwa mkono nyuzi nyuzi, naloweka siku mbili na maji nabadilisha maana mengine yana chumvi, kisha natandaza unene wa vidole viwili, shina naliachia nafasi lisioze. Kabla ya kumwagilia ingiza kidole chini yake, ukikuta unyevu acha, usimwagie kwa mazoea.

Mchicha_Ghorofani: Shikamoo bibi. Konokono hawajifichi humo?

Bibi_Tanga: Marahaba. Konokono apande ghorofa tatu kufuata hoho zako? Labda uwe umempandisha mwenyewe na udongo.

Mchicha_Ghorofani: 😂😂 Haya, muuza madafu kanipa kiroba kizima bure, naanza leo

Bibi_Tanga: Ya madafu hayo mabichi mwanangu, hata kuchambuka hayachambuki. Yaanike juani kwanza.

Jirani wa Mashine: na usianike karibu na nguo za watu