Nina shahada ya sayansi ya wanyama, naweza kuingia kwenye kazi ya upandikizaji mimba?

Mhimilishaji wa Meru

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi.

Nimemaliza chuo kikuu cha kilimo, SUA Morogoro, sayansi ya wanyama. Tangu hapo nahimilisha ng'ombe huku Meru, yaani nawapandishia mbegu ya fahali kwa mrija: pikipiki, mtungi wa naitrojeni nyuma, simu ya mfugaji alfajiri kwamba ng'ombe wake yuko kwenye joto, twende haraka. Kazi naipenda, sijaichoka.

Sasa dada yangu na shemeji walikwenda kliniki moja Nairobi kutafuta mtoto, nami nikawasindikiza. Nimekaa kwenye benchi, mlango wa maabara ukafunguka kidogo, naona mtungi wa naitrojeni kama wangu, ila mkubwa, na mtu aliyevaa kofia anatoa mrija kwa koleo kama ninavyotoa mimi. Tangu siku hiyo sina raha. Nimeanza kusoma, nikakutana na jina la Robert Edwards, aliyepata Nobeli ya tiba mwaka 2010 kwa kazi hii ya kurutubisha yai la mwanamke maabara, na nikaona alianza na wanyama.

Swali langu: bila kuwa daktari wa binadamu, mtu anaweza kufika wapi kwenye fani hii? Au nikaanze MD, shahada ya udaktari, upya? Nina miaka 27.

Kidaktari

Mkuu, usijidanganye. Uzazi ni kazi ya gynae, daktari bingwa wa wanawake. MD miaka mitano, intern mwaka mmoja, MMed ya ubingwa mitatu, ndipo uanze kutafuta ubobezi wenyewe. Nje ya hapo utakuwa unawaoshea watu vioo.

Mama Inkubeta

Marahaba mwanangu Mhimilishaji. Huyo wa vioo mwache. Vioo tunaosha wote, na asiyejua kuviosha asiguse kiinitete cha mtu, yai lililokwisha kurutubishwa.

Mimi si daktari. Nilisoma biokemia, na niko maabara ya upandikizaji hapa Nairobi. Asubuhi, kabla ya chai, nasoma joto la inkubeta, lazima liwe nyuzi 37, nasoma hewa ya kaboni, halafu natoa mayai ya jana kuona kama yamerutubishwa. Chini ya hadubini natafuta viini viwili, cha mama na cha baba, vimekaa bega kwa bega ndani ya yai. Vinaonekana vizuri saa 16 hadi 18 tangu mbegu ikutane na yai. Ukichelewa vimeshayeyuka na hujui tena kilichotokea. Ndiyo maana sisi Jumapili tunaisikia tu kwa majirani.

Edwards unayemsoma naye hakuwa daktari. Alianza kilimo pale Bangor, Wales, akageukia zuolojia, kisha Edinburgh kwenye jenetiki ya wanyama, akapata shahada ya uzamivu 1955 kwa kazi ya panya. Huko alikutana na Ruth Fowler, akamwoa, na wote wawili wakawa wanawadunga panya homoni ili wakomaze mayai mengi kwa pamoja, tena kwa saa inayojulikana. Sindano anazochoma dada yako zina ukoo huo.

Ninachompendea zaidi ni ubishi wake wa saa. Gregory Pincus, mtu mkubwa Marekani, alikuwa ameshaandika kwamba yai la binadamu likitolewa kwenye ovari hukomaa kwa saa 12. Edwards akawa anaomba vipande vya ovari kwa madaktari wa upasuaji, anasubiri saa 12, yai limelala vilevile. Wengine wangesema vipande ni vibovu. Yeye akaongeza saa, akaongeza tena, mpaka 1965 akaandika kwamba yanahitaji kama saa 36 au 37. Leo mgonjwa akiambiwa achome sindano ya mwisho saa nne usiku na aje kutolewa mayai keshokutwa saa nne asubuhi, hesabu ni ileile.

Na usione haya kwa sababu ya ng'ombe. Aliyegundua kwamba gliseroli huilinda mbegu isife ikigandishwa ni Christopher Polge na wenzake, Mill Hill, London, 1949, na walikuwa wanashughulika na mbegu za jogoo. Kutoka kwa jogoo wakaenda kwa fahali. Mwaka 1953 ndipo Marekani ikatangaza mimba za watu kwa mbegu zilizogandishwa. Binadamu alikuja kupanga foleni nyuma ya mifugo, mkuu Kidaktari.

Kitakachokusumbua hapa ni kingine. Ng'ombe asiposhika, mfugaji ananuna kisha anakupigia tena joto likirudi. Huku mtu ameuza kiwanja. Na jina! Kila hatua, watu wawili wanasoma jina kwenye kisahani na kwenye faili kwa sauti, hata kama mgonjwa siku hiyo ni mmoja tu. Anayeona ni usumbufu hatumfungulii mlango.

Mtafute pia Jean Purdy. Alikuwa nesi, akaingia maabara ya Edwards 1968 kama msaidizi, na kile kiinitete kilichokuja kuwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa njia hii, yeye ndiye aliyekiona kwanza kikigawanyika. Mamlaka ya afya ya Oldham, Uingereza, alikozaliwa mtoto huyo, ilipotaka kuweka kibao cha ukumbusho, Edwards mwenyewe aliandika barua akitaka jina la Purdy liwemo. Kibao kikatoka na wanaume wawili, Edwards na daktari mwenzake Steptoe. Purdy alifariki 1985 akiwa na miaka 39.

Dk. wa Tudor

Mimi ni gynae, Mombasa. Mama Inkubeta amenena, ila Edwards wake asingefika popote na vipande vya ovari peke yake. Mayai mazima ya mwanamke mzima angeyapataje bila kumpasua tumbo? Patrick Steptoe, pale Oldham, hospitali ya mji wa viwanda vya pamba, alikuwa anaingiza laparoskopi, darubini nyembamba ya kuonea ndani ya tumbo, kupitia tundu dogo kitovuni huku wakubwa wengi wa fani wakiona ni mchezo. Alitoa kitabu chake 1967, Edwards akamtafuta. Baraza la utafiti wa tiba la Uingereza likawanyima fedha 1971. Wakaendelea, Edwards na Purdy wakisafiri kutoka Cambridge na vyombo vyao kwenye gari.

Kijana, hizi namba zisome kabla hujaiacha pikipiki yako. Kati ya 1969 na 1978 walijitolea wanawake 282. Viinitete vilirudishwa tumboni mara 112. Mimba zikashika tano, watoto walio hai wawili. Wa kwanza ni Louise Brown, 25 Julai 1978, kilo 2.6. Hao wengine wote walirudi nyumbani mikono mitupu, na kwenye hadithi hii hawana kibao wala nusu ya kibao.

Nikwambie na jambo jingine. Wanandoa wanaokuja kwangu, mara nyingi mke ameshapimwa kila kitu na mume hajatoa hata sampuli moja. Tunapomsihi mpaka akatoa, mbegu ni za kuhesabika. Hapo dawa yangu imeisha. Tangu 1992, Gianpiero Palermo na wenzake Brussels walipotangaza mimba kwa kudunga mbegu moja tu ndani ya yai, shida hiyo iko kwenye mkono wa mtu wa maabara. Mkono usiotetemeka. Kama unahimilisha ng'ombe kwa kupapasa, mkono unao.

Kidaktari

Sawa Dokta, kauli ya vioo nimeifuta. Lakini hao ni Wazungu wa Cambridge na Brussels. Kwetu njia iko wapi?

Mama Inkubeta

Nairobi watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa 2006, kwa Dk. Joshua Noreh. Uganda walitutangulia. Kwa hiyo njia ipo, ni nyembamba tu. Wengi ninaowajua walijifunzia mkono India, wachache wakaenda kusoma shahada ya uzamili ya embriolojia, elimu ya viinitete. Oxford wanayo, Leeds wanayo, Monash ya Australia wanayo. Chama cha Ulaya cha fani hii, ESHRE, ambacho Edwards alikuwa mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1985, kina mtihani wa kuthibitisha wanaembriolojia, na shahada ya MD si sharti.

Mhimilishaji wa Meru

Asanteni sana, Mama na Dokta. Ada ya masomo sina kwa sasa. Naweza kuanza na nini nikiwa hapahapa?

Mama Inkubeta

Daftari. Tarehe, ng'ombe, fahali, namba ya mrija, saa ulipouyeyusha, joto la maji, saa ulipopandisha, na kama alishika. Hata aliyeshindikana muandike. Hasa yeye.

Uone karatasi zinavyookoa jina: Kolkata, India, alikuwepo daktari mmoja, Subhas Mukherjee. Durga, mtoto aliyepatikana kwa kazi yake ya maabara, alizaliwa 3 Oktoba 1978, siku 70 tu baada ya Louise. Serikali ya West Bengal ikaunda kamati, kamati ikakataa kumwamini, akazuiwa kwenda nje kueleza kazi yake, akahamishiwa taasisi ya macho. Juni 1981 alijiua. Aliyemrudishia heshima ni T. C. Anand Kumar, mwanasayansi ambaye kwa miaka yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa ndiye wa kwanza India kufanikisha mtoto wa njia hii. Alipewa karatasi za Mukherjee, akazisoma, na 1997 akaandika kwamba wa kwanza si yeye.

Kazi ya ng'ombe usiiache bado. Ukiwa na daftari la msimu mzima, nitumie ujumbe humu ndani, nikutafutie siku ya kuja kukaa na sisi. Njoo na viatu vya kubadilisha, na usipake manukato; viinitete havipendi.