Kwa nini karibu kila faili la zamu yangu lina pumzi 20?

SistaWaUsiku
Wadau wa afya, salaam. Mimi ni muuguzi, mwaka wa sita huu niko chumba cha dharura, hospitali ya mkoa. Kuna jambo linaninyima usingizi hata siku za mapumziko.

Juzi usiku aliletwa mama wa makamo, binti yake kamshika mkono, tumbo linauma na anatapika. Mezani wakampima: presha nzuri, joto 36.8, oksijeni 98, pumzi 20 kwa dakika. Akaambiwa akae benchi asubiri. Nilipopita pale kama saa moja baadaye, nikamwona anavuta pumzi ndefu, nzito, mabega yanapanda na kushuka kama mtu aliyepandisha ndoo ya maji ghorofa ya nne, ilhali amekaa tu. Nikatazama saa yangu, nikahesabu dakika nzima: 34. Tukapima sukari, mashine ikashindwa kutoa namba, ikaandika HI, yaani sukari imepita uwezo wake wa kupima. Ketoni, zile asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta badala ya sukari, zimejaa kwenye mkojo. Tuliwahi. Sasa yuko wodini, anakunywa uji.

Kijana aliyempima nilimuuliza pembeni. Akasema, "Sista, sikuhesabu. Nilimtazama nikaona anapumua vizuri." Sikumgombeza, kwa sababu na mimi nimewahi kuandika 20 kwa kutazama tu. Asubuhi nikafungua mafaili 30 ya watu wazima ya usiku ule. 26 yana 18 au 20. Ajali ya bodaboda, malaria, homa ya mapafu, wote namba ileile! Hata mgonjwa wa pumu, ambaye kifua chake kilisikika kikilia filimbi toka mlangoni, kaandikiwa 20.

Naomba mniambie kweli: mnahesabuje foleni ikiwa imefika getini? Nusu dakika mara mbili inatosha? Na namba ya monita niiamini?

Dokta_Zamu
Sista, pole na hongera. Ile oksijeni 98 ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyowatuliza watu. Mapafu ya yule mama hayakuwa na shida. Damu yake ilijaa asidi, akawa anapumua kwa nguvu ili aipunguze kwa kutoa kabonidayoksaidi. Kifaa cha kidoleni kinasema damu imebeba oksijeni kiasi gani. Hakihesabu pumzi, wala hakikwambii mgonjwa anahangaika kiasi gani kuipata hiyo oksijeni.

Kuhusu kufupisha, fanya hesabu. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, pumzi tano ni 20, sita ni 24. Hakuna namba katikati. Kwenye NEWS2, alama za kupima hatari ya mgonjwa kuzidiwa, ambazo Royal College of Physicians ya Uingereza iliziboresha mwaka 2017, pumzi 12 hadi 20 ni sifuri, 21 hadi 24 ni alama mbili, 25 na kuendelea ni tatu. Yaani pumzi moja uliyoikosa au kuizidisha inambadilishia mgonjwa alama. Nusu dakika ni afadhali, lakini 10 inakuwa 20 na 11 inakuwa 22, na 22 ndiyo mpaka wa qSOFA, kipimo kifupi tunachotumia tunapohofia maambukizi makali. Mimi nahesabu dakika nzima. Anayepumua kwa vipindi, anaharakisha kisha anasimama, nusu dakika itakudanganya kabisa.

FundiVifaaTiba
Nijibu la monita. Monita nyingi zinapitisha umeme mdogo sana kati ya vibandiko vya kifuani. Kifua kikijaa hewa, upinzani wa umeme unabadilika, mashine inahesabu mabadiliko hayo. Mgonjwa akikohoa, akitetemeka, akijigeuza, inaweza kuhesabu hayo nayo. Akivuta pumzi fupifupi za juujuu, inaweza kuziruka. Kibandiko kikilegea kwa jasho ndiyo basi. Tazama kwanza wimbi kwenye skrini: lisipofanana na kifua unachokiona, achana na namba.

TabibuWaKituo
Sisi wa watoto tumefundishwa dakika nzima tangu chuo, mtoto ametulia, halii wala hanyonyi. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 na zaidi ni kupumua haraka. Mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, 40. Tunahesabu kwa sababu dawa ya nimonia inategemea namba hiyo. Sijui kwa nini mgonjwa akishaota ndevu tunaacha kumhesabia.

Kwa foleni, mbinu yangu ni hii: weka kipimajoto kwapani, shika kifundo cha mkono kama unayepima mapigo, mkono wake ulale juu ya tumbo. Hesabu tumbo linavyoinuka. Usimwambie unachohesabu, akijua atabadilisha.

SistaWaUsiku
Asanteni sana, ndugu zangu. Jana nimeijaribu ya kipimajoto na yule kijana, tukiwa wawili, kila mmoja anahesabu kimoyomoyo mgonjwa yuleyule. Wa kwanza tulipata 19 na 23. Tukarudia, tukakubaliana kuhesabu kifua kinapoinuka tu: 22 na 22. Hadi saa kumi alfajiri tulikuwa tumepima wagonjwa 14, na fomu zina 17, 23, 15, 28. Yule wa 28 tulimtoa benchi tukamlaza. Nimemwomba mkuu wa zamu saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, itundikwe mbele ya meza ya mapokezi. Kasema Jumatatu.