Ndege ya rimoti inapiga pua kila ikitua kwenye majani, nibadilishe nini?

Muulizaji, Kisesa (Mwanza): Wakuu, habari za jioni. Ndege ni ya povu, mabawa mita 1.4, gramu 1,300, magurudumu matatu ya milimita 50, moja liko mbele. Uwanja ni malisho: majani ya kufika kifundo cha mguu na nyayo za ng'ombe zilizokauka. Gurudumu la mbele linakwama, propela inakatika. Nianzie wapi?

Jibu 1: Mkuu, anzia hapo hapo kwenye gurudumu la mbele. La milimita 50 halipandi ukingo wa shimo la kwato, linatumbukia, na uzito wote unalifuata. Liondoe, uweke kigurudumu mkiani. Yale mawili makubwa yawe ya povu, milimita 80 au 90, juu ya waya wa springi wa milimita 3. Spoku ya baiskeli ni milimita 2 tu, itapinda. Ekseli ikae sentimita 3 hadi 4 mbele ya pale ndege inapobalansi ukiinyanyua kwa vidole viwili. Ukiiweka chini yake kabisa, itabinuka vilevile.

Ikishagusa, usiachie elevata (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua). Endelea kuivuta mpaka ndege isimame kabisa. Wengi wanaachia mapema, mkia unanyanyuka, kisha lawama zinaenda kwa majani.

Jibu 2: Kwa uwanja huo mimi ningeng'oa miguu yote. Irushe kwa mkono, itue kwa tumbo, na chini ubandike tepu yenye nyuzi. Zima mota ingali juu, kama mita moja. Propela ikikamatwa na majani huku mota inavuta umeme, kidhibiti cha mota kinaungua. Propela ya kukunjika itakuokolea pesa. Betri ifungwe kwa mkanda, la sivyo itapasua pua kwa ndani.

Muulizaji: Asanteni sana. Na upepo? Saa tisa alasiri huwa mkali.

Jibu 1: Alasiri unavuma kutoka ziwani, kwa hiyo tua ukiuelekea. Asubuhi mapema huwa umetulia, jifunzie wakati huo. Kumbuka pia tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi, ndege inatua kwa kasi takriban asilimia 6 zaidi kuliko ingekuwa Dar. Usijaribu kuipunguza kwa kuinua pua ukiwa juu, bawa moja litaishiwa nguvu ya kubeba na ndege itaangukia upande huo. Shuka mota ikizunguka kidogo, anza kuvuta elevata ikibaki sentimita 30.

Jibu 2: Na chukua fyekeo. Njia ya hatua 40 kwa 5 inatosha, nyayo zijaze udongo.