Naomba ushauri: seli zangu zinakufa kila umeme unapokatika

Jambo wakubwa na ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa biolojia hapa Bukavu, natayarisha kazi yangu ya mwisho wa masomo kwa seli za Vero, zile zilizotolewa kwenye figo la tumbili mwaka 1962. Ndani ya miezi mitatu nimepoteza chupa kumi na moja, na kila moja imeniuma.

Seli hizi zinataka joto la nyuzi 37 na gesi ya kaboni dayoksaidi asilimia 5. Umeme ukikatika usiku, inkubeta (kabati la kutunzia seli kwa joto na gesi hiyo) inapoa mpaka mlinzi awashe jenereta. Asubuhi nakuta maji ya lishe, ambayo huwa mekundu, yameelekea zambarau: gesi imetoka, asidi imepungua. Seli zimejiviringa, zimebanduka, zinaelea. Lakini wiki iliyopita yaligeuka manjano na kuchafuka kama maji ya unga. Hapo si umeme tena, ni bakteria, na naogopa kosa ni la mikono yangu.

Je, niongeze HEPES, kemikali ya kutuliza kiwango cha asidi, ili lishe ihimili saa za giza? Chupa nizifunge kabisa? Na kwa kuwa mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, asilimia 5 inatosha ama niipandishe kidogo? Mwalimu wangu anasema nigandishe akiba, lakini nitrojeni ya maji hatuna, tuna friza tu, nayo inategemea umeme uleule.

Mwenye uzoefu anisaidie, tafadhali. Nimebakiwa na chupa mbili.