Ukoo wa Bibi: video ya harusi inaganda

*Alhamisi, 19:40*

Mjomba Hamisi: Asalaam alaykum wote. Ile kompyuta niliyomwekea Bibi sebuleni inanitia aibu. Video ya harusi ya Salma picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Sauti inakwenda zake mbele. Na Jumamosi watu wanakuja kuiangalia.

Juma: Wa alaykumu salaam. Si nilisema ununue boksi la Android, mjomba 😂

Mjomba Hamisi: Wewe nyamaza, hukuchanga hata mia.

Asha: Shikamoo mjomba. Zinaganda zote au hiyo tu?

Mjomba Hamisi: Marahaba mama. Hiyo tu. Zile za maulidi za miaka ile zinacheza kama maji.

Asha: Icheze hapo kwenye Kodi, ile programu ya kuchezea video, halafu bonyeza herufi O kwenye kibodi. Yatatokea maandishi juu ya picha. Yapige picha utume.

Mjomba Hamisi: [picha]

Asha: Nimeona. Imeandika ff-hevc (SW). Hiyo SW ndiyo ugonjwa.

Shangazi Mwanahawa: Tafsirini jamani, na sisi tumo humu.

Asha: Shikamoo shangazi. Chukulia king'amuzi cha TV. Video imefungwa kwa namna fulani ili isijaze diski, lazima kiwepo cha kuifungua. Ndani ya chipu ya kompyuta kuna king'amuzi chake kidogo, kazi yake hiyo tu. Kisipoijua aina ya video, prosesa nzima inabeba mzigo kwa mabavu. Hiyo ndiyo SW, yaani software. Na HEVC ndiyo namna video hii ilivyofungwa.

Shangazi Mwanahawa: Marahaba. Kumbe kifurushi kimeisha 😅

Asha: Karibu na hapo. Mjomba, fungua terminali uandike
`sudo apt install vainfo`
ikimaliza andika `vainfo` peke yake. Itaorodhesha aina za video ambazo king'amuzi cha chipu kinazijua.

Mjomba Hamisi: Inataka nywila. Naandika haitokei kitu, kibodi imekufa?

Asha: Haijafa. Linux hiyo haionyeshi nywila, hata nyota. Andika tu, gonga Enter.

Mjomba Hamisi: Haya, imemwaga. VAProfileMPEG2, VAProfileH264 za namna namna, VAProfileVC1…

Asha: Ipo yenye neno HEVC?

Mjomba Hamisi: Nimepitisha kidole mstari kwa mstari. Hamna.

Asha: Basi. Hiyo ni prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013 hivi. Inang'amua H.264, namna ya zamani ya kufunga video, HEVC haijui. Za kizazi cha sita zinaijua ya biti 8, hizo biti ni kipimo cha wingi wa rangi. Hii ya Salma ni ya biti 10, hapo mpaka kizazi cha saba.

Juma: Mbona kwenye simu yangu inacheza freshi? Simu ya laki tatu!

Asha: Simu yako imezaliwa juzi, ina king'amuzi cha HEVC. Prosesa ya mjomba inaweza kuwa na nguvu kuishinda simu yako, lakini inamenya mihogo kwa kijiko.

Mama Salma: Kwa hiyo mpiga video katuharibia?

Asha: Hapana mama, kapiga vizuri kupita kiasi. 4K, yaani picha kubwa sana, fremu 50 kwa sekunde. TV ya Bibi yenyewe ni 1080p, ndogo kuliko hiyo, haiwezi hata kuionyesha yote.

Mama Salma: Nilimwomba nakala nyepesi, anataka elfu hamsini nyingine.

Asha: Asitule. Tunaibadilisha wenyewe usiku huu iwe H.264 ya 1080p. Mjomba, nakili hii kama ilivyo, usiruke hata nukta:
`ffmpeg -i harusi.mp4 -vf scale=1920:-2 -c:v libx264 -crf 20 -c:a copy harusi-tv.mp4`

Mjomba Hamisi: Inakimbia. Chini imeandika speed=0.3x.

Asha: Video ni saa moja na dakika ishirini, kwa mwendo huo ni kama saa nne na nusu. Iache, kalale. Hakikisha tu kompyuta nayo hailali.

*Ijumaa, 06:15*

Mjomba Hamisi: Imemaliza. Na inaganda vilevile.

Juma: 🙈

Asha: Haiwezekani. Bonyeza O tena.

Mjomba Hamisi: Sasa imeandika ff-h264 (SW).

Asha: Andika `ffprobe harusi-tv.mp4` unitumie mstari wenye neno Video.

Mjomba Hamisi: h264 (High 10), yuv420p10le na mengine mengi.

Asha: Astaghfirullah, kosa langu. Hiyo 10 ni biti 10. Sikuiambia ishuke biti 8, kwa hiyo imebadilisha nguo tu, mwili ukabaki uleule. H.264 ya biti 10 hiyo chipu haiijui pia. Nisamehe mjomba, nimekupotezea usiku.

Mjomba Hamisi: Yameisha. Lete dawa.

Asha: Safari hii tujaribu dakika moja kwanza:
`ffmpeg -i harusi.mp4 -t 60 -vf scale=1920:-2 -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a copy jaribio.mp4`

Mjomba Hamisi: Imecheza! Imeandika ff-h264-vaapi (HW). Bi harusi anashuka kwenye gari kama yupo hapa.

Asha: Hiyo HW, yaani hardware, ndiyo tunayoitaka: king'amuzi cha chipu kinafanya kazi. Sasa rudia bila `-t 60`, na mwishoni andika harusi-tv2.mp4. Ukirudi kutoka Ijumaa itakuwa tayari.

*Jumamosi, 16:20*

Mjomba Hamisi: Watu wamejaa, sauti haitoki kwenye TV. Haraka!

Asha: Mipangilio ya sauti, sehemu ya kutolea, chagua HDMI. TV iwe imewashwa kwanza, ikizimwa inapotea kwenye orodha.

Mjomba Hamisi: Imetoka. Bibi anapiga vigelegele.

Shangazi Mwanahawa: Mimi nina malalamiko. Kwenye picha ya familia nimekatwa kichwa. Kilemba nimekinunua kwa safari mbili za sokoni!

Mama Salma: Kwenye simu kilemba kinaonekana lakini.

Asha: Basi ni TV inakula kingo. Mjomba, chukua rimoti ya TV, si kibodi. Ingia kwenye ukubwa wa picha, toa 16:9, weka Just Scan. TV nyingine huiita Screen Fit.

Mjomba Hamisi: Ipo Screen Fit.

Shangazi Mwanahawa: Eeeh! Kilemba chote hicho. Hebu rudisha nyuma kidogo, Hamisi.

Bibi: [ujumbe wa sauti, 0:41]

Juma: Bibi anauliza nani kamruhusu mpiga video amrekodi akifunga pilau kwenye mfuko 😂😂