Tunataka kuigiza mechi ya mwisho ya Slam Dunk, tutumie watu au tuchore katuni? Naomba ushauri

Sangara_Kirumba:
Wakuu habari za muda huu. Tupo vijana sita hapa Mwanza, tunapiga filamu fupi kwa kamera ya kuazima na simu zetu, tushatoa mbili. Sasa hivi wote tumechizika na Slam Dunk ya Takehiko Inoue, ile manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) ya kikapu iliyotoka 1990 mpaka 1996. Wazo ni kuchukua mechi ya Shohoku na Sannoh tuifanye filamu ya dakika 12 kwa Kiswahili, na kama ile sinema yake ya 2022 ilivyoonyesha mchezaji wa Shohoku, Ryota, ametoka visiwa vya Okinawa, sisi kijana wetu atoke Ukerewe.

Shida imeanzia hapo. Nusu wanataka tuigize wenyewe uwanjani, nywele nyekundu za Sakuragi na kila kitu, mdogo wangu ambaye ni mchoraji anasema manga ikiigizwa na watu inakufa, bora tuchore. Tumebishana mpaka wawili wametoka kwenye grupu la WhatsApp na roho inaniuma kwasababu hawa nipo nao toka form one. Naombeni mawazo.

Binti_wa_Makorora:
Kaka mdogo wako ana hoja, msimpuuze. Mimi Dragonball Evolution ya 2009, sinema ya watu halisi iliyotokana na manga ya Dragon Ball, niliisubiri kama sikukuu, nakuja kuangalia shujaa wake Goku wamemfanya mwanafunzi wa sekondari anayeonewa shuleni, nililia kweli nikiwa mtoto. Miaka ikapita, 2016 mwandishi wa skripti Ben Ramsey akaomba radhi mashabiki, akakiri alifuata hela na hakuwa mpenzi wa ile kazi. Mnaonaje mkianza kwa kuulizana nani kati yenu ameisoma manga yote mpaka mwisho?

Jahazi88:
Naheshimu maoni ya dada hapo juu ila sio kweli kwamba watu halisi wanaharibu kila kitu. One Piece ya 2023, tamthilia ya maharamia iliyotokana na manga, ilishutiwa Cape Town, hapahapa Afrika, merikebu zikajengwa ukapanda ukatembea juu yake, na Oda, mwandishi wa manga hiyo, mwenyewe alikuwa na neno la mwisho, asiporidhika haitoki. Halafu tafuta Rurouni Kenshin ya 2012 mkuu, sinema ya mpiga upanga, nayo imetokana na manga. Kwenye manga pigo lina jina na kurasa zake, kwenye sinema ile kasi wameihamishia kwenye miguu, mwigizaji mkuu Takeru Satoh anakimbia na kuteleza mpaka unahisi vumbi. Hawakunakili ukurasa, walitafuta mwili wa mtu unaweza kufanya nini ambacho wino hauwezi.

Penseli_HB:
Mimi nachora katuni za matangazo kwahiyo ngoja niseme na mdogo wako kwa upendo kabisa. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani picha 24. Ukibana sana, mchoro mmoja unaushikilia fremu tatu, yaani michoro 8 kwa sekunde. Dakika 12 ni sekunde 720, zidisha mara 8 unapata michoro 5,760. Akichora 20 kwa siku bila kuumwa na bila umeme kukatika ni siku 288, na hapo hajapaka rangi wala kugusa mandhari ya nyuma, na kikapu ni watu kumi wanakimbia kwa pamoja!! Usimvunje moyo lakini usimtwishe mzigo huo peke yake. Mpeni sekunde 30, labda ndoto au kumbukumbu ya kijana, azichore vizuri mpaka watu wanyamaze.

Mzee_wa_Rebaundi:
Mleta mada, jibu la ugomvi wenu Inoue alishalitoa. Ile sinema ya 2022 aliiandika na kuiongoza mwenyewe, ni katuni, lakini mienendo ilinaswa kutoka kwa wacheza kikapu halisi ndio maana mtu akidunda mpira unaona uzito wa bega. Na angalia alichothubutu kufanya. Manga shujaa wake ni Sakuragi, yeye akamweka Ryota katikati, kaka yake aliyepotelea baharini, mama yake, halafu mechi ikawa ndiyo kamba inayofunga hayo yote. Sekunde za mwisho akazima sauti, maana hata kwenye manga zile kurasa za mwisho karibu hazina maneno kabisa. Nimeiona mara nne na kila mara nashika pumzi pale. Nyinyi mnagombania nywele nyekundu, ulizaneni kwanza ukimya ule mtaupataje.

Hakimiliki_Yako:
Hamjagusa ruhusa. Slam Dunk ilitoka kwenye jarida la Shueisha na ina mwenyewe, mkiitumia bila idhini tamasha karibu lolote litawauliza karatasi na hamtakuwa nayo. Kumhamishia kijana Ukerewe hakubadilishi hilo. Sinema ya Oldboy ya Korea, 2003, ilitokana na manga ya Japani, wakahamisha nchi, miaka 10 ya shujaa kufungiwa ikawa 15, mwisho wakaandika wao, ila walichukua haki kwanza. Bajeti hiyo hamna, kwahiyo andikeni stori yenu.

Sangara_Kirumba:
Asanteni sana wakuu, nimemsomea mdogo wangu uzi mzima. Michoro 5,760 ilimnyamazisha kidogo halafu akasema sekunde 30 anazitaka, atachora ziwa usiku. Shohoku tunaiacha. Kwenye kundi kuna mmoja baba yake ni mvuvi na alikuwa anakosa mazoezi kila akiitwa kwenye mtumbwi, jana usiku amekubali tuandike hiyo, na wale wawili wamerudi. Mwisho tunataka mtu asikie mpira unadunda kwenye saruji tu basi, hakuna muziki wala maneno, ila maiki ya simu inanasa upepo wa ziwa balaa. Kama kuna mtu yupo Mwanza ana maiki nzuri ya kuazima wiki mbili naomba anicheki PM.